Mashine ya Ng'ombe wa Dada

Kompyuta yangu ya zamani ilikuwa ikizimika kila nilipofika kwenye ng'ombe. Bwana harusi aliingia vizuri, mama wa bibi harusi alilia vizuri, kwaya iliimba mpaka mwisho. Ila ng'ombe wa mahari wakianza kuingia uani, vumbi limewafunika kwato, nami nikitaka watembee polepole kama wateja walivyopenda, kioo kiliganda, feni ikalia kama mtu mwenye pumu, halafu giza.

Ilikuwa miaka ya rashi ya dhahabu, kila mtu akiikimbilia migodini. Vijana walioshuka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, bila viatu walipanda wakiwa na mahari, na kila mmoja alitaka video ya harusi yake ing'ae kuliko ya mwenzake. Nami nilikuwa mpiga picha na mhariri, nimepanga chumba Tarime mjini, jirani na karasha iliyosaga mawe kutwa nzima. Vumbi lake liliingia kwenye chai, kwenye shuka, kwenye kompyuta. Sikumbuki siku niliyoamka nikiwa nimepumzika.

Nikaamua kuunda mashine mpya, kifaa kwa kifaa. Kazi za harusi zilinipa akiba kidogo, lakini mashine niliyoiota ilihitaji ng'ombe.

Ng'ombe walikuwepo nyumbani Itiryo, nao walikuwa wa dada yangu. Kwetu ng'ombe wanaotolewa dada anapoolewa ndio kaka huwatumia kuoa, na mke atakayekuja kwa ng'ombe hao humheshimu dada huyo kuliko wifi wengine wote. Dada alikuwa ameolewa upande wa Serengeti, karibu na Morotonga. Baba alishafariki, na mama aliwalinda wale ng'ombe kama mboni ya jicho lake. Nikimwamkia shikamoo, aliitikia marahaba na kuongeza hapo hapo: na mke?

Sikuweza kuwauza bila ruhusa ya dada. Nilimpigia simu nikiwa nimejiandaa kwa ubishi mrefu. Alikubali, kwa sharti moja: aje tuchague wote. Akasema msichana akiposwa, dada huenda kumtazama, na yeye lazima amtazame huyo wifi wa chuma. Nikamtafuta mnunuzi wa ng'ombe, tukaahidiana Jumamosi.

Siku mbili kabla ya hiyo Jumamosi tulikutana Sirari, kwenye duka la vifaa vilivyoletwa kutoka Nairobi. Dada alikuwa amekonda. Alibeba begi kubwa kuliko safari ya siku moja, nami nikadhani amemletea mama vitu.

Muuzaji alikuwa kijana aliyekulia upande wa pili wa mpaka, mcheshi, asiyekaa kimya. Alipanga vifaa juu ya kaunta, nami nikawa namweleza dada kimoja kimoja. Prosesa ni kichwa, ndiyo inayofikiri. RAM ni meza: ikiwa pana, unatandaza kazi nyingi kwa pamoja. Diski ni ghala. Dada alivitazama kwa makini ya mtu aliyekuja kuposa.

"Kichwa anacho," alisema. "Atanisagia unga?"

"Madam, huyu hata chai hawezi pika," muuzaji akajibu. "Lakini hatakujibu vibaya."

Dada alicheka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikamwona yule wa zamani.

Kisha ikaja kadi ya picha, ile niliyoiota: ndefu kama mkono, ina feni tatu. Hiyo ndiyo ingebeba ng'ombe wangu wote wa polepole bila kuganda. Muuzaji alimpa dada aishike. Aliipima kiganjani, akasema huyu amelishwa kwao. Halafu akamgeukia muuzaji, si mimi, akauliza kwa sauti ya chini:

"Na mtu akimrudisha?"

Muuzaji alieleza kwamba hawarudishi kitu kilichofunguliwa. Mtu anaweza kukiuza kwingine, lakini hii kubwa ikishatoka tu dukani, bei inaanguka hapo hapo. Dada akaiweka kaunta taratibu, kama anayelaza mtoto.

Nilicheka, nikaacha. Nikamuuliza anaulizia nini.

"Nauliza tu, mura," alisema, akiniita kijana kwa lugha ya kwetu. "Ng'ombe wanarudishwa. Hiki je?"

Ndipo nikalitazama lile begi. Mwanamke wa kwetu akiachana na mume, ng'ombe hurudi walikotoka, hasa kama hakuna mtoto, na wao hawakuwa naye. Wale ng'ombe waliosimama uani kwa mama ndio waliokuwa mlango wake wa kurudi nyumbani, nami nilikuwa nimeahidi kuwauza Jumamosi. Nilikumbuka mumewe alikuwa ameifuata dhahabu tangu mvua za mwaka uliopita. Nikauliza kama bado hajarudi.

"Amerudi," alisema. "Ndiyo shida yenyewe. Nimechoka."

Sikumchimba. Muuzaji alijifanya kufuta vioo.

Nilimwomba muuzaji aiondoe ile kadi. Nikamuuliza kama ana prosesa inayoweza kuonyesha picha yenyewe, bila kadi. Alikuwa nayo. Nikachukua hiyo, RAM ya kadiri, diski ndogo, na kesi, lile boksi la kuvifungia vyote, yenye nafasi ya kadi ambayo labda ingekuja siku moja. Akiba yangu ilitosha hapo. Nikampigia mnunuzi wa ng'ombe nikamwambia asije. Kisha mimi na dada tukashika njia ya Itiryo, yeye amepakata kesi, mimi nimebeba begi lake.

Mama alipoliona begi aliongeza maji ya ugali.

Mashine ile ilifanya kazi, ila kwa uvivu. Ilinibidi kutengeneza nakala ndogo ndogo za kila video, nizihariri hizo, kisha niiache itafune zile kubwa wakati mimi nasinzia kwenye kiti. Wateja wenye haraka walikwenda kwa wengine.

Watu wa upande wa mume walikuja baada ya mavuno. Wazee walizungumza asubuhi nzima, kisha zizi likafunguliwa. Nilikuwa nimetundika kamera shingoni kwa mazoea tu. Dada akaifunika lenzi kwa kiganja chake.

"Hawa usiwapige," alisema.

Nikaivua. Ng'ombe walipita mbele yetu mmoja mmoja, vumbi limewafunika kwato, wakatembea polepole kuliko nilivyowahi kuwatembeza kwenye kioo. Wa mwisho alipotoka, dada alilifunga zizi lililobaki tupu, akaingia ndani kulala. Alilala mpaka jioni, na mama akatukataza sote kumwamsha.