Kamera ndogo niliichagua mimi, mwizi akaitwa Neema

Nifichieni jina, na ya wenzangu nimeyabadilisha, maana hapa kambi ya Dzaleka, Malawi, tunajuana. Nina miaka themanini na moja, mkimbizi wa Uvira, Kongo, zamani mwalimu wa sekondari. Daktari ameshamwambia mwanangu Elia anirudishe nyumbani nisubiri. Naandika kidogo kidogo kwa simu.

Vita vilinileta hapa na Elia. Vilipowaka tena kule, mdogo wake akauawa, na binti wa marehemu, Neema, akatufuata. Ana miaka ishirini. Ndugu yetu aliye Kanada alituma pesa za kumnunulia kamera, apige picha za harusi, ajitegemee. Elia akaenda mjini Lilongwe peke yake, akarudi na likamera la kuning'inia hadi tumboni. Hapa kambini mpiga picha anapimwa kwa ukubwa wa kamera yake.

"Batu bakuone kwanza," alimwambia Neema. "Na kale kadogo, nani atakuita?"

Neema hakuwahi kushika kamera maishani. Ile ilimtaka apange mwanga na kila kitu mwenyewe. Harusi yake ya kwanza kanisani, gauni lilionekana, uso wa bibi harusi ukawa giza tupu. Mama wa bwana harusi akamwuliza mbele ya watu, "Hii njo picha ama kivuli?" Wakacheka. Elia akasema binti ni mzembe.

Siku ya kwenda hospitali Lilongwe, Neema ndiye aliyenisindikiza. Niliificha kamera ndani ya blanketi langu. Tulipotoka kwa daktari nikamwamuru anipeleke duka moja la kamera mtaa wa Area 47. Muuzaji alimwuliza maswali mawili matatu, akanigeukia, akaniita babu kwa Kichewa: "Agogo, huyu ndiyo kwanza anaanza. Hii ndogo inapanga mwanga yenyewe. Yeye aangalie watu tu." Tukabadilishana kubwa kwa ndogo, akatuongezea betri za akiba na taa, kwa sababu kambini umeme ni wa kubahatisha.

"Koko, baba mkubwa atakasirika," Neema aliniambia mimi babu yake.

"Mi njo baba yake. Nitasema naye."

Sikusema. Elia alipoiona ile ndogo alimkaba Neema shingo, akimdai pesa. "Umeuza kamera! Makuta umekula!" Neema akanitazama, akasubiri. Nikawaza nani atanigeuza kitandani, nani atanilisha uji. Nikafumba macho kama niliyelala.

Nikamsikia akisema, "Njo mi, baba mkubwa. Mi njo niliuza."

Elia akamfukuza; sasa yuko Mitundu, nje ya kambi, analima mashamba ya watu. Kamera amepewa mtoto wa Elia achezee. Kila asubuhi mke wa Elia ananiogesha kwa maji ya moto huku akimtukana yule mwizi, nami naitikia, "Ndiyo, mama."

Nikisema, Elia anaweza kuniacha nilale katika mkojo wangu. Namjua, nimemlea mwenyewe. Nikinyamaza, jina la mwizi litamkaa Neema maisha yake yote, na shahidi mwingine hapa kambini hana. Nimesomesha watoto wa watu miaka mingi, leo naogopa kukosa kijiko cha uji. Wanangu mnaosoma hapa, nitukaneni mkitaka, ila nishaurini: nimwite Elia leo, nimwambie? Jibuni upesi. Sina wiki nyingi.