Mama Futi Akataa Kipimo cha Zamani

Mwenzangu wa kazi tunamwita Mama Futi, kwa sababu futi ya kupimia haitoki shingoni mwake. Tumeshona pamoja miaka sita, chumba kimoja, mashine mbili zinazotazamana, na pazia la maua pembeni ambako wanawake hupimwa. Ana sheria moja iliyotufukuzia wateja: mwanamke aliyejifungua hapimwi kwa daftari la vipimo vya zamani. Mume akileta gauni la zamani la mkewe, "mshonee kama hili," Mama Futi anamrudishia. "Mlete mwenyewe. Mwili si mbao."

Sasa akajifungua yeye. Baada ya miezi mitatu alirudi kazini, mtoto akilala kwenye kapu la vitambaa chini ya meza. Alikuwa anakata na kushona vizuri kama kawaida, lakini utani ulikuwa umemtoka. Siku moja nikamwona ananyonyesha huku machozi yanamdondoka. Nikamuuliza ana nini.

"Dada, mume wangu akinigusa naumia," alisema. "Pakavu kama karatasi. Na hamu sina hata chembe. Nampenda, lakini mwili hautaki."

Mumewe ni fundi umeme, mtu mpole. Kwa wiki mbili alikuwa anakula, anashukuru, kisha anageukia ukutani. Mama Futi aliona nyumba yake inamponyoka mkononi.

Basi mimi mjuaji nikafungua mdomo. "Mwachishe mtoto," nikamwambia. "Kunyonyesha ndiko kunakumaliza. Tena mkilala pamoja maziwa yanaharibika, afadhali ya kopo." Mama mkwe wangu aliniambia hivyo hivyo, nami nikamwachisha mwanangu wa kwanza akiwa na miezi mitano. Kesho yake Mama Futi alikuja na kopo la maziwa, akaliweka juu ya meza ya pasi.

Lilikaa siku tatu bila kufunguliwa. Mtoto akilia, Mama Futi analitazama kopo, anamtazama mtoto, kisha anatoa titi. Siku ya nne ilikuwa ya kliniki, nikaenda naye kumshikia mkoba. Nesi akampima mtoto uzito, akaandika, akasema, "Mtoto anakua vizuri. Anayefuata!"

Mama Futi hakuinuka. "Nesi, na mimi?"

"Wewe una nini?"

Akamweleza, pale pale, foleni nzima nyuma yake. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Ah, hiyo ni kawaida, mama. Vumilia, itaisha."

Mwingine angechukua kadi akaenda zake. Mama Futi alininyang'anya mkoba, akauweka sakafuni. "Sijaja kuuliza kama ni kawaida. Nimekuja kuuliza tunafanyaje."

Halafu mama mmoja mwenye mapacha akasema kutoka nyuma, "Mjibu, nesi, hata sisi tunataka kusikia." Nesi akacheka, akavua miwani, akatuingiza chumba cha ndani.

Alimkagua, akakuta mshono wa kujifungua umepona. Kisha akakaa kitako akaeleza. Mwanamke anaponyonyesha, homoni ile inayoupa uke majimaji hupungua, na hamu nayo inaweza kushuka, hasa kwa mtu asiyelala vya kutosha. "Hujaharibika," alisema. "Mtoto akianza kupunguza kunyonya, kwa kawaida hali inarudi. Huna haja ya kumwachisha." Alimwambia anunue duka la dawa kilainishi cha maji, cha kupaka ukeni, asitumie mafuta ya kujipaka, maana mafuta huharibu kondomu. Wasiharakishe, na akiumia waache; kukumbatiana hakujakatazwa. Maumivu yakiendelea, au akiona damu, arudi. "Na usingoje hedhi irudi ndipo ufikirie uzazi wa mpango. Mimba inaweza kutangulia."

Nikashindwa kujizuia. "Na maziwa, nesi? Si yanaharibika watu wakilala pamoja?"

"Nani kakudanganya, mama?"

Nilikosa pa kuweka uso. Miaka thelathini nimebeba uongo ule kama urithi, na juzi nilikuwa nimeugawa.

Njiani Mama Futi alisimama. "Dada, wateja nawakatalia daftari la zamani. Mimi mwenyewe nilikuwa najipima kwa lipi?" Tulipofika chumba chetu cha kushonea alinipa lile kopo. "Ulilileta kwa mdomo wako, lirudishe dukani kwa miguu yako." Nikalirudisha.

Alasiri fundi umeme alikuja kumchukua mkewe. Nilitaka kutoka, nikaambiwa nikae nishuhudie. Mama Futi alimketisha kwenye kigoda cha wateja, akamweleza yote bila kupunguza neno. Yule bwana aliinamisha kichwa.

"Nilidhani umenichoka," alisema.

"Na mimi nilidhani umeninunia. Hebu niambie, kazini unashika waya bila kupima?"

"Nife?"

"Basi na mimi uwe unauliza kwanza."

Alicheka mpaka akajifunika uso. Kisha akauliza hicho kilainishi kinauzwa wapi, akaenda mwenyewe. Alirudi jasho linamtoka, kifurushi kakificha ndani ya shati. "Yule muuzaji ana sauti!" alilalamika. "Duka zima sasa linajua."

Mambo hayakunyooka kwa siku moja. Zipo wiki Mama Futi alisema bado, na mumewe akasubiri. Lakini utani ulimrudia, nami nikajua nyumba imesimama. Mtoto ana miezi kumi sasa, ana meno manne, bado ananyonya, na ananing'ata kidole nikimchokoza.

Siku hizi akija mteja anayenyonyesha, Mama Futi huvuta pazia, anapima kifua, kiuno, nyonga, anaandika. Halafu anaweka kalamu chini. "Mtoto nimemwona ni mzima. Na wewe je, na mumeo, mnaendeleaje?"

Wengine wanacheka. Wengine wanaanza kulia kabla hajamaliza. Hapo mimi naikanyaga mashine yangu kwa nguvu, hata kama haina kitambaa, ili walioko mlangoni wasisikie. Mimi wakati wangu hakuna aliyeniuliza.