Leo Nimekufa Saa ya Lanchi

Leo nimekufa nikiwa nimeenda kula lanchi.

Kwa saiba yetu hapa Kisii huwa tunachapisha programu za mazishi. Kompyuta ina skrini mbili, moja inaangalia wateja. Nikaifunga kwa paswadi, nikatoka.

Kumbe ikikaa bila kuguswa, ile skrini ya wateja inapitisha picha zote za folda ya kazi.

Marehemu. Marehemu. Marehemu.

Kisha MIMI, na tai, kwa ile picha ya pasipoti niliyoihifadhi humo!

Jirani yetu wa kijijini Ikonge, aliyekuja kutoa kopi, akapiga nduru, kisha akampigia mama simu.

Nimerudi, nampigia mama. Anafoka: “We ni nani, na simu ya marehemu mtoto wangu umeitoa wapi?”

Jamani, futeni hizo rambirambi mlizoandika hapa kwa ukurasa wangu.

Lakini wewe uliyeandika nilikuwa mchapa kazi, yako iache. Bosi bado hajaisoma.