Shikamoo Niliyoirusha Mteremkoni Goba

Nimekosa, tena peke yangu. Msinitafutie shetani wa kumsingizia, shetani hajui kuendesha baiskeli.

Nina fiksi ya njano, ile baiskeli ambayo pedali hazipumziki. Tairi likizunguka, miguu nayo inazunguka, utake usitake. Fundi wangu wa Sinza alinisihi, "Braza, kama unaenda Goba, nikufungie breki hata moja. Kule milima mitupu." Nikamjibu kuwa breki inaharibu muonekano. Mtu mzima na ndevu zangu, nilisema hivyo.

Goba ndiko anakokaa Zuhura, mwanamke niliyetaka kumuoa. Asubuhi moja naelekea kwao, mteremko ukanishinda. Pedali ndizo zilizokuwa zinanizungusha miguu. Mbele nikamwona mzee wa kanzu anapanda mlima taratibu, na kwa picha alizowahi kunionyesha Zuhura kwenye simu yake nikamtambua: baba yake Zuhura.

"Shikamoo mzee!" nikapiga kelele, nikapita. Marahaba yake sikuisubiri. Nilikuwa nimeshaingia kwenye ua wa michongoma huko chini.

Wiki ileile mshenga wangu akapeleka barua ya posa. Mzee akauliza jambo moja tu: "Huyu mwoaji ndiye mwenye baiskeli ya njano, aliyenitupia salamu kama anatupa ganda la muwa?"

Hapo ningesema kweli, yangeisha. Lakini nikamwambia mshenga aseme alikuwa rafiki yangu Side, aliyeiazima baiskeli. Mzee akataka Side aje mwenyewe. Masikini Side, kwa kunihurumia, akatoka Tegeta, akaupanda mlima ule kwa miguu juani, akapiga goti na kuomba radhi kwa kosa asilolijua. Mzee akasamehe, akaipokea barua yangu. Mimi wakati huo nilikuwa nyumbani napaka mnyororo mafuta.

Jioni Zuhura akanipigia. Kumbe siku ile alikuwa getini kwao, aliniona kwa macho yake.

"Breki ningekununulia mie," akasema. "Lakini umempandisha mwenzio mlima akakuombee radhi kwa baba yangu. Siku ukinikosea mie, utamtuma nani?"

Barua ikarudishwa, na nilimpenda yule mwanamke, nampenda hadi leo.

Siku hizi nina breki mbili. Bado napita Goba, na nikimwona mzee nashuka kabisa, namwamkia, nasubiri aitikie. Ananionea huruma. Anasema hata yeye haelewi binti yake alikataa nini kwa kijana mwenye adabu hivi.

Nyie mnaojiandaa kuposa, mkikosa, kaombeni radhi wenyewe, siku hiyohiyo, kabla kosa halijapata mtu wa kulibeba. Mimi mzee yule sijamwambia ukweli mpaka leo. Nimeona nianze na nyie.