Arobaini ya Mzee Lazo, Mpeleka Barua

Zafir Tonkov alizaliwa na sura ambayo Mungu aliiumba huku akicheka. Masikio yamesimama, kidevu hakionekani, na macho yanaomba radhi hata pale ambapo hakuna aliyekosewa. Shuleni kijijini Slivnik walimu walikuwa wakimtoa nje ya darasa, maskini, wala hakuwa amefanya kosa lolote. Amekaa tu kimya, na wenzake wanashindwa kujizuia.

Mtu mmoja tu hakuwahi kumcheka: mama yake, Bi Velika. Mumewe alifariki Zafir akiwa na miaka kumi na mitatu, na tangu siku hiyo mama huyo alivaa nyeusi, akafunga na mdomo. Alitaka mwanawe awe daktari wa mifugo. Kijana alipobeba begi kwenda mjini Sofia kusomea uigizaji, mama alimsindikiza mpaka langoni, akamwambia, "Wenzako wanakwenda mjini wanarudi watu. Wewe unakwenda kuwa kikaragosi."

Neno hilo lilimkaa Zafir kooni miaka yote. Akacheza filamu ishirini na mbili. Alikuwa mlevi anayetumbukia kisimani, polisi anayeibiwa kofia, bwana harusi ambaye watu wanamsahau stesheni. Vijisehemu vidogo vidogo, dakika mbili, tatu, kisha kwaheri. Lakini jamani, dakika hizo! Watu walitoka sinema wamemsahau nyota mwenyewe, wanaulizana, "Yule wa kisimani ni nani?"

Alipofika miaka arobaini na sita, televisheni ikampa Mzee Lazo, mpeleka barua wa kijijini anayeogopa mbwa, bata, wanawake, na zaidi ya yote baiskeli yake mwenyewe. Miaka tisa, kila Jumatano jioni, nchi ilikaa kitako. Harusi zilisogezwa mbele. Wagonjwa wodini waliomba wageuziwe vitanda vitazame runinga. Sokoni mama mmoja alimshika Zafir mkono, akambusu vidole, akasema, "Mume wangu alikata roho Jumatano akikucheka wewe. Hakuhisi hata maumivu." Zafir alirudi nyumbani bila nyanya alizozifuata. Alikaa jikoni akiitazama mikono yake, akiogopa kabisa kitu alichopewa.

Lakini kila Jumapili alipopiga simu Slivnik, mama alijibu vilevile: "Bado unachezacheza?"

"Bado, Mama."

"Haya. Kula vizuri."

Basi ukumbi mmoja mkubwa wa maigizo ulipomwita acheze mfalme, mfalme kweli, wa kulia na kufa kwa heshima, Zafir hakungoja hata kesho yake. Alikwenda kwa mwongozaji wa kipindi, akasema, "Muueni Lazo."

"Una wazimu?" mwongozaji akang'aka. "Nchi itatupiga mawe!"

"Muueni. Mama yangu ana miaka themanini na tisa. Nataka anione mtu kabla hajafa."

Lazo akafa kitandani, kwa mafua, kofia ya posta kifuani. Wiki kadhaa baadaye, mkataba wa ufalme ukiwa mfukoni, Zafir akapanda basi kwenda kumpa mama habari.

Aliposhuka tu, roho ilimruka. Kwenye nguzo ya kituo, pale wanapobandika matangazo ya vifo, kulikuwa na karatasi yenye mstari mweusi pembeni, na katikati sura yake mwenyewe. Akasogea asome. *Siku arobaini tangu atutoke mpendwa wetu Lazo, mpeleka barua. Ngano na mvinyo nyumbani kwa Velika Tonkova. Wafiwa: Slivnik yote.* Karatasi nyingine ilikuwa kwenye mlango wa duka la mikate, nyingine kwenye mti ulio mbele ya posta, nyingine kwenye lango la nyumba yao.

Uani meza tatu zilikuwa zimeunganishwa, zimejaa watu waliovaa nyeusi. Gencho fundi viatu, aliyekaa naye dawati moja shuleni, akainuka na kumkumbatia.

"Pole sana, ndugu yangu. Mungu amsamehe."

"Amsamehe nani? Gencho, mimi huyu hapa, mzima!"

"Wewe upo, nani kasema hupo? Yeye ndiye hayupo. Hebu kaa, usituharibie arobaini."

Akakalishwa. Akapewa sahani ya ngano iliyochemshwa kwa sukari na kokwa za jozi, akapewa glasi. Kila aliyeinuka alimwaga mvinyo kidogo ardhini, akasimulia kisa cha marehemu, na watu wakacheka huku wanafuta machozi, kama inavyotakiwa kwa marehemu mwema. Zafir alijiona mgeni kwenye msiba wa mtu mkubwa kuliko yeye.

Kisha Bi Velika akasimama mwenyewe. Yule bibi mkavu akaegemeza fimbo yake mezani, akashika usukani wa baiskeli ambayo haikuwepo, akatazama kushoto, akamwona bata ambaye hakuwepo, akaanza kumwomba bata huyo ruhusa ya kupita. Masikio yalimsimama! Kidevu kikapotea! Watu wakaangukiana mabegani. Zafir hakucheka. Miaka thelathini wakosoaji walikuwa wanauliza kipaji chake kimetoka wapi, na kumbe kilikuwa hapa, kimejifungia ndani na nguo nyeusi.

Watu walipopungua, akasogeza kiti karibu naye.

"Mama, unajua Lazo ni mimi?"

"Nimekuzaa mimi, nitakosaje kukujua? Mjinga wewe." Alichezea punje za ngano sahanini. "Tangu baba yako afe sikucheka ndani ya nyumba hii. Jumatano moja huyo mtu wako akaingia na baiskeli yake. Nikafunga madirisha majirani wasisikie. Nikacheka mpaka nikaanguka kitandani. Miaka tisa, mwanangu."

"Na hukuniambia! Kila Jumapili nakupigia!"

"Ningeanzia wapi? Nilishakuita kikaragosi." Akainua macho. "Sasa niambie wewe unayewajua wakubwa wa huko. Nani aliyemuua? Alikuwa mzima kabisa. Mafua gani hayo?"

Zafir angeweza kuwasingizia waandishi.

"Mimi, Mama. Niliwaomba mwenyewe. Nilitaka unione nikicheza mfalme."

Bi Velika hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza mwanawe.

"Na huyo mfalme atakuja siku gani?"

"Hatakuja. Yuko jukwaani, Sofia. Hatoki kwenye televisheni."

"Aa," mama akasema. Akakunja kitambaa chake mara mbili, akakikunjua tena. "Basi Jumatano nitakaa na nani?"

Mtu aliyeichekesha nchi nzima akainuka, akachukua glasi yake, akamwaga mvinyo ardhini kama wenzake walivyofanya. "Mungu amsamehe," akasema, na hapo hapo, mbele ya mama yake, akaanza kumlilia Lazo.