Ukakasi Alioung'oa Teodora

Pale Mahongole, Teodora alijulikana kwa ulimi wake. Alikuwa msemaji, lakini zaidi alikuwa muonjaji: akitafuna jani moja la mboga, alikwambia kama sufuria nzima itakuwa chungu, na hakukosea.

Ng'ombe wake wa maziwa alimpata kwenye kikundi cha akina mama wa parokia. Sharti la kikundi lilijulikana: ndama jike wa kwanza, akishakua mtamba, unampeleka kwa mwenzako anayefuata. Aliyefuata alikuwa Emilia, jirani yake mjane, ambaye banda alishalijenga na kuliezeka bati.

Kornelio, bwana mifugo, aliwaletea wenye ng'ombe vipando vya desmodiamu, mmea wa malisho unaotambaa, wapande karibu na lusani, majani waliyozoea kulishia. Lusani tupu, hasa ikiwa imelowa, humjaza ng'ombe gesi, aliwaambia. Ukakasi wa desmodiamu, ambao wataalamu huuita tanini, ndio unaoizuia. "Ila mashina hayafanani. Hili lina ukakasi mwingi, lile kidogo. Msichague, pandeni yote yasaidiane."

Teodora alichagua. Alipita shina kwa shina akitafuna, na lililomkaza ulimi kama ndizi mbichi aliling'oa.

"Mama, leo tutakukamua wewe!" Emilia alimtania kutoka ng'ambo ya ua.

"Cheka tu, mwanangu. Mtamba wako nitampaje kitu kinachonikaba mimi?"

Yalibaki mashina machache matamu, na ng'ombe waliyamaliza mapema.

Wiki ambayo mtamba angekabidhiwa, mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi Teodora alikata lusani ikichuruzika maji, akamjazia mtamba hori ili aende kwa mwenyewe akiwa ameshiba. Kabla ya saa nne ubavu wa kushoto ulikuwa umevimba kama ngoma. Emilia ndiye aliyekuja mbio na chupa ya mafuta ya kula. Walimnywesha, wakamtembeza, wakamkanda. Akaangukia mlangoni pa zizi, akafa.

Kornelio alipofika aliwakuta wamekaa chini. Akatazama shamba.

"Desmodiamu iko wapi?"

"Mvua hizi, bwana mifugo," Emilia akawahi kujibu. "Zimeiozesha. Usimwongezee mama uchungu."

Teodora alihisi uso ukimwaka. Mtoto wa watu amepoteza ng'ombe, na bado anamkingia kifua aliyemuua. Angeweza kunyamaza. Nani angejua?

"Haikuoza," alisema. "Niliing'oa mimi. Uliniona, Emilia. Nilikatazwa, nikajifanya najua."

Emilia aliinuka. Kisha akachukua chupa yake, akaondoka bila kuaga.

Siku ile Teodora hakugusa chakula. Kikundi kingemwambia Emilia asubiri ndama mwingine, mwaka au miwili, banda likiwa tupu. Kesho yake alimfunga kamba ng'ombe mama mwenyewe, akampeleka.

"Kamwene," alisalimia mlangoni.

"Kamwene." Emilia hakumkaribisha. "Huyo si wa zamu yangu."

"Ni wako. Kikundi nitakieleza mwenyewe."

Emilia akaipokea kamba. Hakusema asante, wala Teodora hakuitarajia. Akamwingiza ng'ombe bandani, ndipo akageuka.

"Nimlishe nini?"

Jibu lilimjia Teodora mdomoni, kama kawaida yake. Akalimeza.

"Kamuulize Kornelio," alisema. "Mimi usiniulize."