Mgeni Asiyetafuta Kura

Kazi yangu chuoni, mbali na kufundisha, ilikuwa kutafuta wageni wa kuzungumza na makadeti. Watu wakisikia hivyo hudhani nilikuwa nikikaa ofisini nikinywa chai na kupiga simu. Chai ilikuwepo, maana chuo chetu kidogo kilizungukwa na mashamba ya chai pande zote. Lakini simu ni mimi niliyepigiwa, na wengi waliopiga walikuwa watu wanaotaka kura.

Sheria ya mkuu wa chuo ilikuwa fupi. Mgeni asiwe mtu anayetafuta kura, wala aliyezitafuta juzi, wala anayesemekana atazitafuta. Hiyo ya tatu ndiyo ilinitoa jasho. Huku kwetu, mwaka wa kura ukikaribia, mtu akinunua koti jipya na kwenda nalo kanisani, watu wa mji wetu wa Silibwet wameshampa kiti cha ubunge kabla ibada haijaisha.

Niliipenda sheria ile, na mtu akiibishia nilikuwa mkali. Makadeti wetu walitoka kila pembe ya nchi, na si muda mrefu wangekabidhiwa vikosi na bunduki. Yeyote atakayeshinda, saluti yao ilipaswa kuwa ileile. Ukimleta mwanasiasa awachekeshe, awaahidi basi jipya, wampigie makofi, umeshawafundisha kumpenda mmoja kabla hawajajifunza kumtumikia yeyote atakayechaguliwa.

Mwaka huo, siku ya wazazi ilipokaribia, mheshimiwa mmoja alituma watu waseme kwamba angeleta mahema na fahali, naye apewe dakika chache za kusalimia vijana tu. Mpinzani wake aliposikia, naye akataka kusalimia. Mwenzangu mmoja akashauri tuwaite wote wawili ili asilalamike mtu. Mkuu wa chuo alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema tukiwaita wawili tutakuwa tumekosa mara mbili. Fahali alibaki kwa mwenyewe, nasi tukapanga wali na maharagwe.

Nilimchagua mkunga mstaafu. Alizaliwa upande wa ziwa, akaja huku Kericho akiwa msichana, akafanya kazi katika zahanati za mashamba ya chai mpaka nywele zikawa nyeupe. Wote, sisi Wakipsigis wa huku na watu wa ziwa, walimwita Sista. Nilipompigia alikubali bila maswali mengi, ila alitaka kiti chenye mgongo kwa sababu ya magoti yake. Akina mama wa soko walikuwa wamemsukuma agombee kiti cha wadi, akakataa katakata. Niliuliza huku na huku nikahakikisha kwamba kweli alikataa.

Shida ikaja kutoka nyumbani kwetu. Nilimtajia mama mgeni wetu ni nani, naye akaniambia nilirudie jina hilo. Mkunga huyo ndiye aliyemzalisha aliponizaa mimi. Hadithi ya kuzaliwa kwangu niliijua tangu utotoni: nilitoka nimenyamaza, bila kulia, wanawake waliokuwepo wakaanza kumfariji mama, lakini mkunga akakataa kuniweka chini hadi nikalia. Muda si muda akahamishiwa zahanati nyingine, sisi tukahamia Silibwet, na mama hakuwahi kumshukuru. Kwetu shukrani kubwa haisemwi kwa mikono mitupu, tena haisemwi kichakani. Huonwa na watu. Mama alikuwa ameibeba ile shukrani maisha yangu yote.

Siku ya wazazi niliitwa getini. Nikamkuta mama na wanawake wa kanisa lake wamevaa sare, mmoja amebeba kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya mgando yaliyolazwa na masizi. Mama mwenyewe alikuwa na kikapu, na ndani ya kikapu shada la sinendet.

Sinendet ni mmea unaotambaa, na kwetu huvishwa shingoni mtu aliyeshinda. Wakimbiaji wakitoka ng'ambo na medali tunawavisha. Lakini siku hizi pia ndiyo alama ya mtu ambaye watu wamemteua akawanie kiti. Ng'ambo ya barabara walikuwa wamesimama vijana wa mheshimiwa, simu mkononi, wakisubiri cha kupiga picha. Wanawake wa Silibwet wamvishe sinendet ndani ya chuo cha jeshi mwanamke ambaye soko zima linamtaka agombee, na kabla ya jua kuzama ingesemekana jeshi lina mtu wake.

Nilimvuta mama kando nikamweleza kwa Kikipsigis, polepole. Alinijibu kwa Kiswahili, nafikiri ili askari wa geti naye asikie.

"Hii si ya kura. Hii ni yako. Huyo mama alikupatia pumzi."

Nikamwambia najua, lakini vijana wale wa barabarani hawajui, na makadeti waliotoka mbali hawajui.

"Sasa nimshukuru lini?"

"Kura ikiisha, Mama."

"Mwaka ya kura ni mrefu. Na mimi si msichana."

Hilo liliniuma. Msimu wa mvua uliopita kifua chake kilikuwa kimemsumbua, na wote wawili tulijua anasema nini. Nilikuwa nimevaa sare, mabega yamenyooka, na nilitamani kuivua niende nishike mkono wa mama kama mtoto. Sikufanya hivyo. Nilisimama njiani. Mama alinitazama kuanzia kofia hadi viatu, akafunika kikapu kwa leso, akasema, "Sawa, afande." Hajawahi kuniita hivyo tena, na namshukuru Mungu.

Alikaa safu ya nyuma, kikapu mapajani. Sista alizungumza akiwa ameketi, bila karatasi. Alisimulia mwaka mmoja wa fujo baada ya kura, wanawake wawili walipojifungua asubuhi moja katika zahanati yake, mmoja wa huku na mmoja wa ziwa, waume zao wamesimama nje hawasalimiani. Alikuwa na kitanda kimoja cha watoto wachanga, akawalaza wote wawili humo, kisha akawaita baba zao waje wamwonyeshe kila mmoja wake ni yupi. Walishindwa. Makadeti walicheka sana, naye akawangoja watulie.

"Sikuwahi kuuliza mama yeyote alipigia nani kura," akasema. "Nyinyi pia mtaitwa watu wakiwa na shida. Msiulize."

Nilifurahi mpaka nikasahau kuangalia saa. Mkuu wa chuo alinipa ishara ya kichwa, na kwake hiyo ni hotuba. Mursik ilipelekwa jikoni makadeti wakaionja, na kijana mmoja wa Pwani alikunja uso kama aliyepewa dawa, kisha akaomba kikombe kingine. Lakini mama aliondoka bila kumsalimia Sista. Akimsalimia mikono mitupu, alisema, atakuwa ameharibu.

Mvua zilikuja, kifua chake kikaanza tena, na mimi nikawa naenda Silibwet kila nilipopata ruhusa, nimebeba tangawizi na woga. Shada lilikauka juu ya mlango wa jikoni. Kura ikapigwa, walioshinda wakaapishwa, walioshindwa wakarudi kwa ng'ombe wao. Mama akapona kikohozi. Jumamosi moja akanipigia, akasema nije bila sare.

Alikuwa amekata sinendet mbichi. Tulienda na wale wanawake wa kanisa hadi nyumbani kwa Sista, karibu na Chepilat, mpakani, na majirani wakatoka kutazama, wa huku na wa upande wa pili wa mpaka. Sista alituona tunaingia tukiimba, akaanza kutikisa kichwa, akasema jamani, si aliwaambia hataki kiti. Wanawake wakacheka. Mama akamvisha, akarudi nyuma hatua moja, akanisukuma mbele kwa mgongo wa mkono.

"Kura imeisha," akasema. "Hii ni ya huyu, uliyekataa kumweka chini. Kongoi, asante."

Sista alinitazama, mtu aliyemjua kama kapteni wa jeshi aliyemwalika chuoni, sasa amevaa gauni la maua. Alinishika kidevu akanigeuza uso upande wa mwanga.

"Huyu ndiye alikataa kulia?"

"Ndiye," mama akasema, na wakati huo nilikuwa tayari nalia.